Samaki Mwekundu Anapotoweka: Uchambuzi wa Kisa cha Somo la Mwanga wa Bahari Kuu katika Skuli Moja ya Pemba

Kisa hiki kilitokea katika darasa la sita la skuli moja ya msingi iliyopo magharibi ya kisiwa cha Pemba, ambako wanafunzi wengi ni watoto wa wavuvi na wa akina mama wanaolima mwani. Mada ilikuwa mwanga na rangi. Mwalimu, ambaye ana uzoefu wa kutosha na anasikilizwa na watoto, aliamua kutoishia kwenye upinde wa mvua, ambako mada hii huachwa mara nyingi, bali kuipeleka bahari kuu, ili wanafunzi waelewe kwa nini huko chini hakuna rangi na kwa nini viumbe wengi wa huko ni wekundu au weusi. Mwisho wa kipindi cha kwanza aliuliza suali moja la kupima uelewa: samaki mwekundu aliye kwenye kina cha mita 500 anaonekana ana rangi gani? Majibu yaliyotawala yalikuwa mawili. Wapo waliosema anakuwa mweupe au wa kijivu kwa sababu maji ya chumvi yamemchujua rangi yake, na wapo waliosema anazidi kuwa mwekundu, yeye na kila kilichomzunguka. Jibu lililotarajiwa, kwamba anaonekana mweusi, au kwa usahihi zaidi kwamba haonekani, lilitolewa na wachache, na hao walipoulizwa sababu waliisoma sentensi iliyokuwa ubaoni bila ya kuweza kuitetea.

Nilikuwemo darasani humo kama mshauri wa masomo ya sayansi, na baada ya kipindi mimi na mwalimu tulikaa tukapitia kilichosemwa, kilichooneshwa na kilichoulizwa. Vipindi vilivyofuata vilipangwa upya kutokana na mazungumzo hayo. Mwalimu ameridhia kisa chake kiandikwe bila ya kutajwa jina lake, skuli wala kijiji. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu majibu ya wale watoto hayakuwa ya ovyo. Kila moja lilikuwa na mantiki yake, na yote yalitoka kwenye chanzo kimoja: walielezwa yanayoipata rangi ndani ya maji kabla ya kuelezwa namna rangi inavyofika jichoni.

Ifahamike kwanza kwamba Pemba ni mahali panapofaa mada hii, pengine kuliko Unguja. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, na maji yanayoitenga na Bagamoyo yana kina cha makumi ya mita tu katika sehemu kubwa. Pemba imetengwa na Tanga na mfereji ambao sehemu zake zinafikia mita 800 hivi. Wanasayansi huigawa bahari kwa mwanga wake: kutoka juu hadi mita 200 hivi ni tabaka lenye mwanga wa kutosha kuotesha mimea ya baharini, kutoka hapo hadi mita 1,000 ni tabaka la utusitusi, na chini ya mita 1,000 mwanga wa jua haufiki kabisa. Kwa hiyo mtoto anayesimama ufukweni magharibi ya Pemba anatazama maji ambayo yanaanza na mchana na kuishia karibu na kiza kitupu, na baba yake huenda akashusha mshipi humo usiku huohuo.

Kipindi cha kwanza kilianza vizuri. Mwalimu aliweka kioo ndani ya beseni la maji, akakielekeza kwenye jua linaloingia mlangoni, na rangi za upinde zikatokea ukutani. Watoto walishangilia, na hoja ya Isaac Newton wa karne ya 17, kwamba mwanga mweupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi, ikawa imethibitika mbele ya macho yao. Kisha mwalimu akaandika mpangilio wa rangi zinavyopungua baharini. Nyekundu huisha ndani ya mita 10 za mwanzo, ya machungwa hufuata, kisha manjano, kisha kijani, na buluu ndiyo inayokwenda mbali zaidi. Chini yake akaandika sababu: mwanga mwekundu una nguvu ndogo, kwa hiyo hauwezi kufika chini. Hatimaye akagawa vipande vya karatasi ya plastiki ya rangi, ile inayofungiwa zawadi za harusi, ili kila mtoto atazame picha ya samaki mwekundu iliyochorwa kwenye karatasi nyeupe. Dukani ilikuwapo nyekundu peke yake, na nyekundu ndiyo iliyogawiwa.

Hapo ndipo somo lilipogeuka bila ya yeyote kutambua. Plastiki nyekundu hupitisha mwanga mwekundu na kufyonza sehemu kubwa ya rangi nyengine, wakati maji ya bahari hufyonza nyekundu na kuiacha buluu. Kumpa mtoto plastiki nyekundu na kumwambia kwamba anatazama bahari kuu ni kumpa bahari iliyopinduliwa. Lakini ubaya wa jaribio lile ulikuwa mkubwa kuliko huo, kwa sababu lilionekana limefaulu. Watoto walipotazama, samaki alitoweka kweli. Alitoweka kwa kuwa karatasi nyeupe nayo ilirudisha mwanga mwekundu, ikafanana naye, na jicho likakosa pa kumtenga. Katika bahari kuu samaki mwekundu hutoweka kwa sababu iliyo kinyume: hakuna mwanga mwekundu wa kumwangazia, buluu iliyobaki anaifyonza, hairudishi kitu, na anakuwa kiza ndani ya kiza. Jaribio linalotoa jibu sahihi kwa njia ya kinyume ni baya kuliko lililoshindwa waziwazi, kwani halimpi mwalimu sababu ya kulitilia shaka. Watoto waliosema kwamba huko chini kila kitu ni chekundu walikuwa wanaripoti kwa uaminifu walichokiona.

Waliosema kwamba rangi huchujuka walikuwa na hoja nyengine, na aliyeieleza vizuri zaidi alikuwa mwanafunzi wa kike wa safu ya mbele. Alisema kanga mpya ikirowekwa usiku mmoja inatoa rangi beseni zima, basi samaki aliyerowekwa maisha yake yote itambakia rangi gani? Mantiki hiyo haina kasoro. Kasoro imo katika dhana iliyoibeba, kwamba rangi ni kitu kilichomo ndani ya samaki na kinachoweza kumtoka. Sentensi ya ubaoni haikuizuia dhana hiyo, bali iliipa nguvu, kwa sababu kusema kwamba nyekundu huisha ndani ya mita 10 bila ya kutaja kwamba ni mwanga mwekundu unaoisha humruhusu mtoto kuamini kwamba ni wekundu wa samaki. Tulikubaliana na mwalimu kwamba tangu siku hiyo neno mwanga lisiachwe nyuma hata mara moja linapotajwa jambo la rangi za baharini. Ni jambo dogo, na linachosha ulimi, lakini bila ya hilo somo zima linasimama juu ya mchanga.

Suali bora la siku hiyo lilitoka kwa mvulana mmoja ambaye hakuwa amejibu chochote hadi wakati huo. Aliuliza hivi: "Mwalimu, kama nyekundu haina nguvu, mbona jua likizama nyekundu ndiyo inayobaki?" Mwalimu aliahidi kulijibu siku nyengine, kwani kengele ilikuwa imeshagongwa. Mimi naona suali hilo liliibomoa sababu iliyoandikwa ubaoni, na lilistahili kusimamishiwa kipindi. Jua linapokuwa karibu na upeo, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi kuliko wa adhuhuri, na hewa huutawanya mwanga wa buluu pembeni kwa wingi kuliko mwekundu, hivyo unaotufikia kwa njia iliyonyooka ni ule mwekundu na wa machungwa. Angani, basi, nyekundu ndiyo inayofika. Haiwezekani iwe imara angani na dhaifu baharini kwa sababu ya udhaifu wake yenyewe.

Ni kweli kwamba kila chembe ya mwanga mwekundu hubeba nishati ndogo kuliko ya buluu, na hapo ndipo maelezo haya ya mkato yalipopatikana. Lakini nishati hiyo haiamui umbali ambao mwanga utasafiri ndani ya kitu. Miale ya urujuanimno ina nishati kubwa kuliko buluu, na bado haifiki mbali baharini kama buluu inavyofika. Sababu iko kwa maji. Molekuli ya maji, yenye atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, haitulii bali hutikisika kwa namna zake maalumu, na mitikisiko hiyo huitikia mwanga usioonekana ulio nje ya nyekundu na, kwa kiasi kidogo, mwanga mwekundu wenyewe. Mwanga huo humezwa na kugeuka joto kidogo. Buluu haipati cha kuimeza kwa wepesi, hivyo husonga mbele. Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili inatosha kuambiwa kwamba kila kitu, kiwe maji, hewa au plastiki, huchagua mwanga wa kumeza, wa kutawanya na wa kupitisha, na kwamba maji huchagua kumeza mwekundu kwanza. Sentensi hiyo si ndefu kuliko ile ya nguvu ndogo, na haitamlazimu kuifuta akifika sekondari.

Maelezo hayo yanaondoa pia imani nyengine iliyojitokeza darasani, kwamba bahari ni ya buluu kwa sababu inaakisi mbingu. Imani hiyo si ya watoto peke yao, kwani mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliiunga mkono. Mwaka 1921 C. V. Raman wa India, akiwa melini katika bahari ya Mediterania akirejea nyumbani kutoka Ulaya, alitumia kifaa cha kuondoa mwanga ulioakisiwa kutoka juu ya maji na akaona kwamba buluu haikuondoka. Darasani hoja nyepesi zaidi ilitosha: anayezamia na miwani ana maji mbele yake, hana mbingu, na bado anaona buluu.

Kipindi cha pili tulikipanga kianzie kwenye mshipi. Mwalimu alimwalika mzee mmoja mvuvi, babu wa mmoja wa wanafunzi, ambaye kwa miaka mingi amevua kwa mshipi kwenye miamba ya maji marefu. Baada ya watoto kumpa shikamoo na yeye kuwaitikia marahaba wajukuu zangu, mwalimu alimuuliza jambo moja tu: chewa yule mwekundu mwenye madoadoa ya buluu, anapopanda na ndoana, babu unaona nini kwanza? Mzee hakufikiri sana. "Kwanza naona kiza kinatembea," alisema. "Halafu rangi ya matope. Wekundu unakuja zimebaki pima tatu nne, na akitoka nje ya maji ndiyo anawaka."

Pima tatu au nne ni baina ya mita 5 na 7 hivi. Lenye faida kwa mwalimu ni kwamba mwanga unaomwonesha samaki huyo kwa mtu aliye chomboni husafiri mara mbili ndani ya maji, unashuka hadi kwa samaki kisha unapanda hadi juu, hivyo samaki aliye mita 6 chini anaonekana kwa mwanga uliopita mita 12 za maji. Mzee hakuyataja haya, lakini alichokiona kinalingana nayo vizuri. Hoja iliyobadilisha darasa, hata hivyo, haikutoka kwa mwalimu wala kwa mzee. Ilitoka kwa yule msichana wa kanga, aliyenyanyua mkono na kusema kwamba kanga iliyochujuka haitorudi rangi kwa kuvutwa kutoka kwenye beseni, na huyu samaki anairudisha akivutwa tu, basi rangi haikuwa imemtoka. Mwalimu alifanya vyema kutoongeza neno. Alimuuliza: sasa kilichokosekana kule chini ni kitu gani? Darasa likajibu, kwa sauti zilizopishana, kwamba ni mwanga wake.

Baada ya hapo ndipo boksi lilipoletwa. Lilikuwa boksi la kartoni la kawaida, lililopakwa masizi ya chungu ndani hadi likawa jeusi, lenye dirisha juu la ukubwa wa kiganja na tundu la kuchungulia ubavuni la ukubwa wa sarafu. Ndani yake, kwenye ukuta wa nyuma, walibandikwa samaki wanne waliokatwa kwenye kadi: mwekundu, mweupe, wa buluu na mweusi. Safari hii plastiki ilikuwa ya buluu na ilitafutwa mjini mapema. Boksi liliwekwa nje mlangoni, juani, kwani tuliona kwamba ndani ya darasa mwanga haukutosha, na watoto walipanga mstari wakachungulia mmoja mmoja. Waliagizwa waseme idadi ya samaki wanaowaona, wasitaje rangi. Agizo hilo ni la maana sana. Mtoto anayeulizwa rangi hujibu anachokijua, na mtoto anayeulizwa idadi hujibu anachokiona.

Dirisha likiwa wazi walisema watatu, na baadhi wakasema wanne kwa kuwa masizi hayakufanana kabisa na kadi nyeusi. Dirisha lilipofunikwa kwa tabaka moja la plastiki bado walisema watatu, ila mwekundu alikuwa amebadilika na kuwa na rangi ya damu iliyoganda. Mwalimu alinitazama kwa wasiwasi. Sababu yake inajulikana: plastiki za buluu za bei nafuu huvujisha kiasi fulani cha mwanga mwekundu. Badala ya kulificha hilo, ilipendekezwa plastiki ikunjwe mara mbili, kisha mara nne. Kwa tabaka mbili waliogawanyika walikuwa wengi, wengine wakisema watatu na wengine wawili. Kwa tabaka nne walisema wawili. Mweupe na wa buluu walibaki, wote wakiwa wa buluu na wasiotofautiana sana, na mwekundu alikuwa ameungana na mweusi.

Udhaifu wa plastiki ukawa ndio somo lenyewe. Kila tabaka lililoongezwa lilifanya kazi ya kina kilichoongezwa, na watoto waliona kwamba mwanga mwekundu haukatiki ghafla kwenye mstari wa mita 10 bali hupunguzwa tabaka kwa tabaka. Jambo hili lilielezwa na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1729: matabaka yaliyo sawa hupunguza sehemu iliyo sawa ya mwanga unaoyafikia, si kiasi kilekile kila mara. Tabaka la kwanza likiacha nusu, la pili huacha nusu ya nusu, yaani robo, na la tatu huacha thumuni. Darasa la sita wanaimudu hesabu hiyo bila ya shida. Jadweli la kina lililokuwa ubaoni siku ya kwanza lilianza kupata maana, na mwalimu aliongeza maneno matatu yaliyokosekana, "kwa sehemu kubwa", mbele ya kila namba.

Kisha tochi ya simu ilipitishwa kwenye tundu jengine, na samaki mwekundu akarudi mwekundu papo hapo. Ilikuwa fursa nzuri ya kueleza kwa nini wazamiaji wanaopiga picha kwenye miamba ya Misali hushuka na taa mchana kweupe, na kwa nini mzamiaji akijikata kwenye tumbawe kwa kina cha mita 20 au 30 damu yake huonekana ya kijani iliyokolea au karibu nyeusi. Watoto walilipenda la damu kuliko yote, kama inavyotarajiwa.

Masuali yaliyofuata yalizidi mpango wetu, na ni hapo ninapoona faida ya kuanza na jicho. Mtoto mmoja aliuliza: samaki mwekundu akitazamwa kutoka chini je? Mwalimu alibadilisha ukuta wa nyuma wa boksi, akaweka karatasi nyeupe mahali pa masizi, na matokeo yakageuka: mwekundu na mweusi sasa walionekana wazi kama vivuli, na mweupe na wa buluu ndio waliopotelea. Katika tabaka la utusitusi, anayetazama juu huona ukuta wa buluu hafifu, na mwili wowote ulio juu yake, uwe mwekundu au mweusi, huwa kivuli. Kwa ajili hiyo samaki wengi wadogo wa tabaka hilo, na baadhi ya ngisi, wana viungo vya mwanga tumboni vinavyotoa buluu inayolingana na ile inayoshuka kutoka juu, ili kivuli chao kifutike. Kujificha, kwa hiyo, kunategemea kilicho nyuma ya anayejificha na pahala alipo anayemtafuta.

Mwengine, anayeogelea karibu na mikoko, alikataa jadweli zima. Alisema maji ya kwao ni ya kijani na ukizamisha kichwa huoni buluu yoyote. Yuko sahihi, na ni vizuri aambiwe hivyo mbele ya wenzake. Namba zinazotolewa vitabuni ni za maji maangavu ya bahari ya wazi. Katika ghuba na mikondo ya mikoko kuna vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kuna rangi ya majani yaliyooza iliyoyeyuka majini, na vitu hivyo hufyonza buluu. Nyekundu imemezwa na maji, buluu imemezwa na mimea na mabaki yake, kijani ndiyo inayosalia. Wakati wa masika hata kijani haifiki mbali. Ningemshauri mwalimu yeyote wa visiwani aanze na maji ya mtoto huyu kabla ya kufika mita 1,000.

Aliyeuliza kwa nini samaki na kamba wa chini wawe wekundu, wasiwe weusi tu, alijibiwa kwa ufupi kwamba kwenye kiza hicho nyekundu na nyeusi zinafanya kazi moja, na kwamba rangi nyekundu za kamba hutokana na chakula, kwani vijimea vya baharini ndivyo vinavyotengeneza malighafi yake na kuipitisha kwa wanaovila. Wapo pia waliochagua weusi hadi mwisho: mwaka 2020 watafiti walieleza samaki wa bahari kuu ambao ngozi zao hufyonza zaidi ya asilimia 99.5 ya mwanga unaowafikia. Sababu ya kuhitaji weusi wa namna hiyo ni kwamba huko chini mwanga haukosekani kabisa, unatengenezwa na viumbe wenyewe. Watoto wa wavuvi wanaufahamu mwanga wa aina hiyo kutokana na maji yanavyometameta kasia linapopiga usiku wa kiza, na sehemu kubwa ya mwanga huo ni ya buluu inayoelekea kijani. Kwa hiyo hata anayewashiwa taa na adui wa bahari kuu, akiwa mwekundu, habainiki. Isipokuwa kwa samaki wachache, mmojawapo akiwa wa jamii ya Malacosteus, ambaye hutoa mwanga mwekundu chini ya macho yake na anao uwezo wa kuuona, hivyo humwona windo asiyejua kwamba ameangaziwa. Darasa lilicheka kwa uhodari wa samaki huyo, na mvulana mmoja akasema huyo ana karabai yake peke yake.

Picha ya silikanti ilifunga kipindi hicho. Samaki huyu, aliyedhaniwa ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, amevuliwa pia Tanga mara nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2007 mmoja alivuliwa karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja. Vipokezi vya macho yake huitikia mwanga wa karibu nanomita 480, yaani buluu ileile inayofika anakoishi. Kwake yeye dunia nzima ni ya mwanga wa aina moja, na boksi letu lenye tabaka nne lilikuwa jaribio la kuazima macho yake.

Kupima kina uwanjani kulichukua muda mfupi. Mita moja ya uwanja wa mpira ilihesabiwa kuwa mita 10 za bahari, hivyo mwanga mwekundu uliishia hatua moja kutoka kwenye goli, tabaka la mwanga likaishia mita 20, na lile la utusitusi likafika karibu na goli la pili. Zoezi hili ni zuri kwa kuonesha kwamba bahari yenye rangi ni ukanda mwembamba, lakini halifundishi lolote juu ya mwanga na lisipewe zaidi ya dakika chache.

Suali la upimaji nalo lilibidi libadilishwe. Kuuliza samaki mwekundu anaonekana wa rangi gani kwenye mita 500 kunamfundisha mtoto kwamba kuna jibu moja, wakati jibu linategemea mwanga uliopo, kilicho nyuma ya samaki na anayemtazama. Suali jipya liliwataka wachore samaki, mtazamaji na mishale ya mwanga, mara moja kwa mwanga wa jua na mara moja kwa tochi. Michoro mingi ilikuwa sahihi: mshale wa buluu ukaishia mwilini mwa samaki, na kwenye tochi mshale mwekundu ukarudi jichoni.

Kasoro iliyobaki haikutegemewa. Baadhi ya watoto walichora mishale inayotoka jichoni kwenda kwa samaki, kana kwamba jicho ndilo linalotuma kitu. Dhana hiyo ni ya kale, ilishikiliwa na wanazuoni wa Ugiriki, na aliyeipinga kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, mwanzoni mwa karne ya 11. Mtoto mwenye dhana hii anaweza kujibu masuali yote ya rangi kwa usahihi na bado asielewe kwa nini tochi inahitajika. Mwalimu amepanga kuwarudisha watoto hao kwenye boksi likiwa limezibwa dirisha lote, wachungulie na kueleza wanachokiona, kisha dirisha lifunguliwe kidogokidogo huku wakihesabu samaki kila hatua. Kwa ajili hiyo boksi linahitaji kuzibwa upya kwenye pembe, ambako mwanga ulikuwa unapenya, na plastiki ya buluu ihifadhiwe ndani ya daftari baada ya kila kipindi, kwani iliyoachwa dirishani imeshaanza kupauka.